Nazi Zilizofuliwa kwa Sabuni

Kila asubuhi, kabla jua halijafika uani, Chiriku alikuwa ameshachukua ufagio. Alianzia mlangoni mwa jiko la nje, akapita chini ya kamba ya nguo, akamalizia kwenye bomba la maji. Kisha alisimama mlangoni mwa chumba cha mama mkubwa na kusema, "Shikamoo." Mama mkubwa alijibu, "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?" Naye alisema, "Salama." Baada ya hapo aliweza kumaliza siku nzima bila kusema jambo jingine lenye urefu.

Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Alipewa na mama yake alipokuwa mdogo, kwa sababu chiriku ni ndege asiyejua kunyamaza, na mtoto huyu alikuwa akisema mchana kutwa na kuendelea usingizini. Lau mama yake angemwona sasa, angedhani amebadilishiwa mtoto njiani.

Mama yake alikuwa amepata kazi ya upishi katika kambi ya wajenzi wa barabara, porini huko, mahali ambapo watoto hawakuruhusiwa kukaa. Ndipo akamleta Chiriku kwa dada yake mkubwa, katika mji huu wa joto, mbali na kwao kwenye baridi na mashamba ya viazi. Alimkabidhi, akambusu, akapanda gari. "Nitakuja," alisema dirishani. Chiriku alifungua kinywa kuuliza lini, lakini gari lilikuwa limeshaondoka. Tangu siku hiyo swali lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mama mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa mikono, mwenye kicheko kilichosikika mpaka barabarani. Kazi yake ilikuwa kupika chakula cha mchana na kukipeleka kwa maseremala katika karakana ya nyuma ya nyumba. Kuanzia alfajiri alikuwa na sufuria hii na mwiko ule, na mtu aliyetaka kuzungumza naye ilibidi amfuate akizungumza na mgongo wake. Barazani mbele ya nyumba alikaa fundi cherehani, mpangaji wake, pamoja na binti yake aliyeitwa Pini. Jina hilo alipewa kwa sababu baba yake alipokuwa akipima nguo alichomeka pini zake zote kwenye kola ya binti huyo. Pini alisoma darasa moja na Chiriku.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu mama mkubwa hakuwa na jembe, ila alikuwa na gunia la nazi.

"Mwanangu," alimwita kutoka jikoni, "zile nazi za kwenye gunia zifue zote. Mimi huku nachambua mchele."

"Nizifulie wapi, Mama mkubwa?"

"Si pale karibu na bomba. Hujapaona?"

Chiriku alipaona. Aliona bomba, aliona beseni, aliona brashi na kipande cha sabuni juu ya ukuta. Aliona pia chuma kirefu chenye ncha kilichosimikwa ardhini, akadhani ni nguzo ya kamba ya nguo ya zamani, akasogeza beseni kando asije akajikwaa.

Sasa, mtu aliyekulia penye minazi anajua kwamba kufua nazi ni kuivua makumbi yake, lile ganda nene la nyuzinyuzi, na kwamba chuma kile kinaitwa kifuo na kazi yake ndiyo hiyo. Lakini kwao Chiriku minazi haioti. Tui alilolijua lilitoka dukani, ndani ya pakiti. Neno ni moja na kazi ni mbili, na yeye aliijua moja tu: kufua ni kufua. Akajaza maji, akakunja mikono ya gauni, akazifua nazi.

Alizifua kwa moyo wote, kwa kuwa ilikuwa kazi ya kwanza kupewa katika nyumba ile na alitaka ionekane. Alizisugua kwa brashi mpaka povu likaingia kila unyuzi. Alizisuuza, akazisuuza tena, akazipanga juu ya ukuta zikauke.

Mama mkubwa alitoka na ungo wake wa mchele, akasimama. Alizitazama nazi, akamtazama mtoto, akazitazama nazi tena.

"Mwanangu," alisema, "na pasi utazipiga?"

Hapo kicheko kikamshika, akalazimika kuliegemea bomba. Alimwita fundi cherehani aje aone. Fundi alikuja na utepe wake wa kupimia shingoni, akauliza kwa upole kama anaweza kuleta na suruali zake mbili zifuliwe pamoja. Pini ndiye aliyecheka zaidi. Wiki ilipoanza darasa zima lilikuwa na habari, tena iliyotiwa chumvi, kwamba Chiriku alizianika nazi kwenye kamba kwa vibanio. Tangu siku hiyo akaitwa Sabuni. Fundi naye kila alipompita barazani alisema, "Sabuni, hujambo? Leo tunafua nini?"

Hakuna aliyekusudia ubaya, hilo lazima lisemwe. Lakini mtu akichekwa kwao, kicheko huisha na chakula cha jioni. Mgeni akichekwa, huenda kulala nacho. Chiriku alilala akiutazama ukuta, akalia bila sauti ili asiulizwe analilia nini, na kabla usingizi haujamchukua alijiwekea ahadi kwamba katika nyumba ile hatauliza tena neno lolote.

Akaamua kujifunza kwa macho. Ujuzi wa kuiba nao ni ujuzi, au ndivyo alivyodhani. Alijibanza nyuma ya pipa la maji na kumtazama mama mkubwa akifua nazi. Aliona jinsi anavyoishika kwa mikono miwili, anavyoipigiza kwenye ncha ya kifuo, kisha anaikandamiza na kuizungusha mpaka kumbi linabanduka kipande kizima. Jikoni alimchungulia kupitia dirisha dogo la moshi. Aliona jinsi anavyoikalisha nazi kiganjani, macho yake matatu yakitazama kando, na kuigonga kiunoni kwa mgongo wa panga, wala si kwa makali. Aligonga, akaizungusha kidogo, akagonga tena, mpaka ufa ukazunguka na nazi ikafunguka vifuu viwili bila kuruka kipande. Kisha mama mkubwa aligeuka kuelekea bakuli, na kwa kuwa mgongo wake ulikuwa mpana, ulilijaza dirisha lote. Ulipoondoka hapo alikuwa ameshakalia mbuzi na kukuna.

Hata mbuzi alimjua kwa njia hiyo. Angetumwa "kalete mbuzi" siku ya kwanza, labda angetoka na kamba kwenda kumtafuta malishoni. Sasa alijua kwamba mbuzi wa jikoni ni kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, hali majani wala halii.

Jumapili mama yake alipiga simu. Mama mkubwa alimpa Chiriku simu na kusimama kando, mwiko mkononi.

"Hujambo, mwanangu? Unakula vizuri?"

"Ndiyo, mama."

"Una shida yoyote?"

Swali likapanda mpaka kwenye ulimi: unakuja lini? Chiriku akamtazama mama mkubwa na mwiko wake. Huenda ni jambo ambalo kila mtu analijua isipokuwa yeye. Huenda wakacheka. Akameza mate, na swali likarudi chini.

"Sina," alisema.

"Haya, mwanangu. Jumapili nyingine basi." Na simu ikakatika.

Maisha yakaenda hivyo. Shuleni alikaa dawati la mwisho. Wakati wa mapumziko aliuzunguka uwanja polepole akijifanya ana mahali anakwenda. Pini alimwita mara moja waruke kamba, lakini alimwita kwa jina la Sabuni, naye akajifanya hakusikia.

Jumamosi moja mama mkubwa aliamka na mafua. Pua imeziba, macho mekundu, sauti imekuwa ya mtu mwingine. Na siku hiyo maseremala walikuwa na wageni waliokuja kukagua madawati waliyoagiza, hivyo chakula kilitakiwa kingi zaidi. Maharage yalishabandikwa. Mchele ulikuwa hautoshi.

"Lazima niende sokoni mwenyewe," alisema huku akifunga kitambaa kichwani. "Unajua kukuna nazi?"

"Najua."

"Na kuvunja?"

"Najua."

Mama mkubwa alimtazama kidogo, akapiga chafya, akakosa muda wa kutazama zaidi. "Haya. Nikirudi nikute tui. Na vidole vyako uviangalie, mbuzi hachagui." Akabeba kikapu akatoka.

Chiriku alianza kazi kwa heshima zote. Alizifua nazi kwenye kifuo, safari hii bila tone la maji. Mikono ilimuuma lakini makumbi yalitoka. Alikuwa ameishika nazi ya kwanza kiganjani, panga limeinuliwa, Pini alipoingia uani na ndoo.

"Unavunja mwenyewe?" Pini aliuliza. "Ngoja kwanza nikuambie kitu."

"Najua."

"Siyo kuvunja. Nilitaka kukuambia kwamba ukishavunja —"

"Nimesema najua."

Pini alisimama pale kidogo na kola yake yenye pini. Kisha akakinga maji yake na kwenda zake. Chiriku alisikia miguu yake ikiondoka, na kwa kweli alitamani angebaki, lakini hakujua namna ya kumwita mtu uliyetoka kumfukuza.

Alivunja nazi zote vizuri, kwa mgongo wa panga, kiunoni, akizizungusha. Moja tu ililia tofauti, mlio mzito, na maji yake yalikuwa machache, tena yana ukungu. Nyama yake ilikuwa na umanjano kidogo. Chiriku akawaza kwamba nazi nazo ni kama watu, si lazima zifanane. Akakalia mbuzi, akazikuna zote ndani ya beseni moja, zile nyeupe na ile ya manjano, mpaka rundo likajaa.

Alitia maji ya vuguvugu, akafikicha, akakamua kwa chujio. Tui likatoka zito, jeupe, linang'aa. Moyo wake ukajaa. Aliinua kichwa apate mtu wa kumwonesha, akakuta kuku wa jirani tu. Akachovya kidole, akaonja.

Lilikuwa na ladha ya sabuni.

Alionja tena. Sabuni tupu. Alinusa viganja vyake, akanusa beseni, akanusa chujio. Hakuwa ameishika sabuni tangu alipoamka. Akajiuliza kama jina likimganda mtu sana linaweza kuingia mpaka kwenye mikono yake.

Nazi nyingine hazikuwepo. Kama angelimwaga lile tui, angeulizwa limekwenda wapi. Kutia chumvi ilikuwa kudanganya, tena alijaribu kidogo kwenye kijiko na hali ikawa mbaya zaidi. Kulikuwa na njia ya kunyamaza, na kunyamaza alikuwa amekuzoea. Kama angesema, "Mama mkubwa, tui lina sabuni," yeye Sabuni, basi wangecheka mpaka mwaka ukaisha. Kama angenyamaza, maseremala wangekula, na pengine wageni wao wangeumwa matumbo, na mama mkubwa angekoseshwa kazi bila kujua amekosa nini. Alikaa juu ya mbuzi, mikono mapajani, akatamani kwa nguvu sana mama yake angekuwepo.

Mama mkubwa aliingia akihema. Aliweka kikapu chini, akafunua bakuli.

"Tui hili umekamua mwenyewe?" Alilikoroga kwa mwiko na kulitazama likiteremka. "Ona lilivyo zito. Una mkono wa heri, mwanangu." Aliinama alinuse, akacheka kwa sauti yake ya mafua. "Leo hata moshi siusikii."

Ilikuwa mara ya kwanza Chiriku kusifiwa katika nyumba ile. Sifa ile ilimchoma kuliko kicheko chochote. Wakati huohuo fundi cherehani aliingia na pasi yake wazi, akiomba makaa ya moto, na Pini nyuma yake. Mama mkubwa alifunua sufuria ya maharage, mvuke ukapanda. Akaliinua bakuli la tui.

Chiriku akapiga moyo konde.

"Usilimimine, Mama mkubwa."

"Kwa nini?"

Watu watatu walikuwa wakimtazama. Alitazama miguu yake. "Linanuka sabuni," alisema.

Fundi aliguna, kisha akacheka mpaka pasi ikatikisika. "Jamani, Sabuni ameshafua tena."

Mama mkubwa hakucheka. Alikuwa amechoka na chakula kilikuwa kinachelewa. "Umetia sabuni kwenye tui?"

"Sikutia."

"Umeosha beseni kwa sabuni?"

"Sikuigusa sabuni. Lakini linanuka."

"Linanuka bila kutiwa? Mwanangu, kosa si kitu, usiniongezee uongo."

Chiriku aliinua macho kutoka miguuni. "Naweza kuwa sijui," alisema, "lakini simwambii mtu uongo. Onjeni."

Mama mkubwa alichovya kidole, akaonja, akatikisa kichwa. Kwa mafua yale hata pilipili asingeijua. Akampa fundi kijiko. Fundi alionja huku bado akitabasamu, na tabasamu likaisha palepale. Alitema nje ya mlango.

"Mtoto huyu hana kosa la sabuni," alisema. "Nazi iliyochacha ndiyo inakuwa hivi. Iliingia nazi mbovu humo."

"Ilikuwepo moja ya manjano," Chiriku alisema. "Sikujua."

"Hukuzinusa?" mama mkubwa aliuliza. "Si huwa unaivunjia juu ya bakuli, unanusa maji yake, unaonja, ndipo unaikuna? Kila moja peke yake?"

"Hapo sikupaona. Mgongo wako ulinikinga."

"Mgongo wangu ulikukinga wapi?"

"Dirishani. Nilikuwa nakuchungulia." Maneno yalianza kutoka yenyewe. "Nakuchungulia kila siku ili nijifunze. Kufua nimekuona, kuvunja nimekuona, kukuna nimekuona. Hapo kwenye bakuli tu huwa unageuka."

"Kwa nini uchungulie kama mwizi? Mimi si nipo? Ungeniuliza."

"Niliuliza siku ile. Nilikuuliza nizifulie wapi, ukaniambia kwenye bomba. Mkacheka. Mpaka leo mnacheka."

Maharage yaliendelea kuchemka. Fundi alitazama ndani ya pasi yake kama kwamba kuna kitu kimeangukia humo. Pini alikuwa ametoa pini moja kwenye kola na kuichomeka tena mahali palepale. Mama mkubwa aliliweka bakuli chini polepole.

"Fundi," alisema, "chukua makaa yako."

Hawakuzungumza zaidi, maana maseremala walikuwa na njaa na njaa haingoji mtu ajielewe. Lile tui lilimwagwa. Mama mkubwa alikata vitunguu na nyanya, Pini akabaki kumenya bila kuombwa, na maharage yakaungwa bila nazi. Wakayapeleka wote watatu. Seremala mmoja aliuliza tui liko wapi leo. Mama mkubwa akamjibu, "Nazi ilikuwa mbovu, na aliyeigundua ni mwanangu huyu. Mshukuruni." Seremala akainua kijiko chake kumwelekea Chiriku, akaendelea kula.

Mchana, vyombo vilipokwisha kuoshwa, mama mkubwa aliingia chumbani na kutoka na nazi moja iliyokuwa imesahaulika chini ya kitanda. Alikaa chini uani, si juu ya kigoda. Akamkalisha Chiriku mbele yake, akamwita na Pini.

"Leo sikupi mgongo," alisema. "Itikise sikioni. Unasikia nini?"

"Maji yanacheza."

"Yakicheza ni dalili njema. Ikinyamaza kabisa, itilie shaka. Sasa tazama macho yake. Yawe makavu. Ukibonyeza jicho likabonyea au ukaona ukungu, hiyo usiipotezee muda. Lakini nazi haina dirisha, na wakati mwingine hudanganya masikio na macho. Ndiyo maana unaivunjia juu ya bakuli. Vunja."

Chiriku aligonga na kuzungusha. Maji yakamiminika ndani ya bakuli. Alinusa, akaonja. Yalikuwa matamu.

"Ikiwa nzuri unaikuna, kisha unachukua ya pili unaanza upya. Huchanganyi hata siku moja kabla hujanusa. Nazi mbovu harabu ya nzima."

"Ndicho nilichotaka kukuambia asubuhi," Pini alisema. Kisha akanyoosha kidole chake cha shahada chenye kovu. "Mimi nilipoanza nilikuna kidole. Nilisema najua, kama wewe. Baba hapendi niwaambie watu, maana alizimia yeye."

Chiriku alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, hata yeye mwenyewe kikamshtua. Mama mkubwa alikingoja kiishe.

"Mwanangu, nisikilize," alisema. "Kutojua si aibu. Hata mimi kwenye viazi vyenu huko ningefua kitu kisichofuliwa. Kosa lako ni moja, kusema unajua wakati hujui. Kwa kosa hilo watu wangeumwa leo. Lakini kosa hilo lina mama aliyelizaa, na mama huyo ni mimi. Nilicheka nikasahau kukufundisha. Mtoto akiuliza akachekwa, humfundishi kunyamaza tu, unamfundisha kudanganya. Nisamehe."

Chiriku hakuwahi kuombwa msamaha na mtu mzima. Akaitikia kwa kichwa.

"Basi kuanzia leo uliza. Liwe la nazi, liwe la nini. Una swali?"

Alikuwa nalo. Alikuwa nalo tangu siku ya gari. Aliitazama nazi ile nyeupe ndani ya vifuu vyake viwili.

"Mama anakuja lini?"

Mama mkubwa alifungua kinywa, na ilionekana wazi kwamba jibu la haraka lilikuwa tayari, lile la kumtuliza mtoto. Kisha akakifunga.

"Sijui," alisema. "Kweli sijui, mwanangu. Hata mimi sikumuuliza." Alijifuta mikono kwenye kanga, akatoa simu. "Unaona? Nimesema sijui, na bado nipo hai. Tumuulize anayejua."

"Leo si Jumapili."

"Barabara haitabomoka kwa ajili hiyo."

Simu iliita kwa muda mrefu. Mama yake alipokea kwa sauti ya hofu, akiuliza kuna nini. Mama mkubwa alisema, "Hakuna baya. Mwanao ana swali," akampa Chiriku simu, na safari hii hakusimama kando. Aliondoka na Pini wakaenda mpaka kwenye kifuo, wakajifanya wanakusanya makumbi.

"Mama," Chiriku alisema, "unakuja lini?"

Upande wa pili pakasikika mtu akivuta pumzi.

"Shule zikifungwa," mama yake alisema. "Nimeshaomba ruhusa, tena zamani. Nilikuwa nangoja uniulize, mwanangu. Kila Jumapili nangoja, huulizi. Nikasema labda huko umepata raha, hunikumbuki tena."